Koo la Ghorofa ya Thelathini na Mbili

1

Saa mbili kasorobo asubuhi Bibi Nyemo Chilewa wa ghorofa ya tatu alifungua bomba la jikoni aoshe mchicha, na bomba likamfyatukia mkononi. Lilimvunja kifundo cha mkono, likapiga kabati la vyombo, likatokea nje kupitia kioo cha dirisha. Maji yakafuata kwa kishindo, yakawa yanachapa ukuta wa pili mpaka rangi ikabanduka.

Mhandisi Sechelela Ndahani alipofika na sanduku lake la spana, majirani walikuwa wamekwisha funga koki ya ukumbini. Sakafu ilikuwa ziwa. Bibi Nyemo alikuwa amekaa juu ya meza ya chakula, miguu ameipandisha kwenye kiti, mkono umefungwa kwa khanga. Wajukuu zake walimsihi aende hospitali na yeye alikataa kuteremka.

"Shikamoo, mama," Sechelela alisema.

"Marahaba. Wewe ndiye mwenye maji ya humu?"

"Ndimi."

"Haya. Nimekaa nyumba hii miaka kumi na saba. Leo bomba limenipiga kama mtu aliyetumwa. Nataka kujua kwa nini, ndipo niende kwa daktari."

Sechelela alifungua sanduku lake. Alitoa geji yake ya kupimia presha, akaifunga kwenye koki ya ukumbini, akafungua kidogo. Sindano iliruka. Ghorofa ya tatu ilitakiwa kusoma tano, na siku zote ilisoma tano. Sindano ilipita saba, ikapita tisa, ikasimama karibu na kumi na moja, ikitetemeka. Kisha, polepole, kama kitu kinachovutwa na mtu aliyechoka, ikaanza kurudi.

Kule kurudi ndiko kulikomtisha zaidi. Hakuna aliyegusa kitu.

"Mama, nenda hospitali," alisema. "Leo hii, kabla jua halijazama, nitakupa jibu."

"Hujui, au hutaki kusema?"

"Nadhani najua. Niache nikaone kwanza kwa macho yangu."

Bibi Nyemo alinyoosha mkono mzima ili ashikwe ateremke mezani.

2

Maji yakisimama ndani ya bomba huelemea. Kila mita kumi za kimo huweka uzito wa kilo moja juu ya eneo dogo kama ukucha wa kidole. Jiko linataka kilo tatu, linavumilia tano. Mnara wa Lukundo ulikuwa na ghorofa tisini na sita, mrefu kuliko chochote kilichokuwa Dodoma, na maji yake yote yalishuka kwa bomba kuu moja kutoka tenki la paani. Yakiachwa hivihivi, chini kabisa yangefika na kilo thelathini na moja kwa kila ukucha. Uzito huo hupasua sinki la choo kama ganda la yai.

Majengo ya zamani yaliukata uzito huo kwa matenki ya katikati. Maji yanamwagwa kwenye tenki, yanapumzika, yanaanza safari upya. Lakini matenki hula ghorofa nzima nzima. Sechelela, akiwa na miaka thelathini na minne, ndiye aliyewaonyesha wajenzi njia nyingine. Alichukua chembe za ule msuli unaofunga magamba ya chaza, msuli unaoweza kukaza siku nzima bila kula nguvu, akauotesha maabara ukawa pete nene kama paja. Aliuita koo. Koo likipachikwa ndani ya bomba kuu, lilibana maji yakiwa mengi na kulegea yakiwa machache, na chakula chake kilikuwa madini yaliyomo ndani ya maji yenyewe. Lukundo ilipachikwa makoo matano: ghorofa ya kumi na sita, thelathini na mbili, arobaini na nane, sitini na nne na themanini. Ghorofa zilizotengwa kwa matenki zikagawanywa, zikawa nyumba za watu.

Zabloni Mbogoni, fundi wake wa miaka mingi, alikuwa amekwisha fungua mfuniko wa chumba cha koo cha ghorofa ya kumi na sita. Alikuwa amesimama pembeni, kofia mkononi.

"Angalia mwenyewe, Mhandisi."

Sechelela aliinama kwenye kioo. Koo hai lilikuwa na rangi ya waridi iliyochujuka, na lilipumua kwa mbali. Hili lilikuwa la kijivu. Lilikuwa limeachama. Maji yalipita katikati yake bila kizuizi kama kwamba halikuwahi kuwapo.

"Limekufa wazi," Zabloni alisema.

"Naona."

"Kitabu kinasema—"

"Zabloni, kitabu nilikiandika mimi."

Chaza akifa, hufunguka. Sechelela alilijua hilo tangu siku ya kwanza, na miaka minne ya maabara aliitumia kuligeuza, mpaka makoo yake yakawa yanakufa yamefumba. Koo likifa limefumba, watu wanakosa maji siku moja, fundi anakuja, basi. Kwa sentensi hiyo moja, *koo likifa hufa limefumba*, na sahihi yake chini, ndipo serikali iliporuhusu majengo bila matenki.

"Mbona presha ilishuka baadaye pale kwa Bibi Nyemo?" aliuliza. "Nani aliishusha?"

Zabloni aligeuza kompyuta yake. Makoo yote matano yaliunganishwa na uzi mmoja mwembamba wa neva, ulioteshwa pamoja nayo, ili yasije yakafumba kwa pamoja na kuyafanya maji yarudi kwa pigo kama la nyundo. Kazi ya uzi ilikuwa hiyo tu. Lakini mistari iliyokuwa kwenye kompyuta ilisema mengine. Tangu mwezi wa tatu, koo la kumi na sita lilipoanza kuchoka, la thelathini na mbili lilikuwa likibana zaidi ya kiasi chake. Nalo lilipoelemewa, la arobaini na nane likabana. Kisha la sitini na nne. Kisha la themanini.

"Yanabebana," Zabloni alisema. "Hatukuyafundisha hivi."

"Hatukuyafundisha."

"Ndiyo maana watu wa juu wanalia maji kidogo miezi yote hii. Sisi tukawa tunasafisha vichujio."

Sechelela aliweka kiganja juu ya bomba kuu. Lilikuwa likitetemeka kwa mtetemo mdogo, usiokoma, uliotoka juu.

"La thelathini na mbili sasa linabeba mizigo miwili," alisema. "Litaweza mpaka lini?"

"Kwa msaada wa yale ya juu? Labda kesho asubuhi. Labda usiku wa leo."

"Na bila msaada?"

Zabloni alivaa kofia yake, akaivua tena. "Muda wa saa sita tangu sasa. Tukibahatika, nane. Na likifa wazi kama hili, huku chini watapata kilo kumi na sita. La arobaini na nane litafuata."

Simu ya Sechelela iliita. Alikuwa meneja wa jengo.

"Mhandisi," alisema Bwana Projestus Rweyongeza, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayejizuia, "panda ghorofa ya sabini na tisa. Sasa hivi."

3

Ghorofa ya sabini na tisa ilikuwa na wodi ya figo. Wagonjwa kumi na wawili, wote wakazi wa mnara, walisafishwa damu hapo kwa zamu, mara tatu kwa wiki. Mashine moja ilikunywa lita mia na ishirini kwa kila mgonjwa. Na kwa kuwa wodi ilikuwa chini kidogo ya koo la themanini, koo hilo likibana sana, wodi ndiyo iliyokuwa ya kwanza kukauka.

Sista Gaudensia, muuguzi wa zamu, alimpokea mlangoni.

"Mashine mbili zimejizima zenyewe," alisema. "Nina watu sita wa leo. Wa kwanza anatakiwa aunganishwe saa saba mchana. Nikikosa leo, kesho kuna ambao hawataamka vizuri."

Mmoja wa hao sita alikuwa Yona, mdogo wake Sechelela, dereva wa malori aliyestaafishwa na figo zake akiwa na miaka arobaini na moja. Alikuwa kitandani, miguu imevimba, na alimwona dada yake kabla hajaonwa.

"Umevaa uso wa kazini," alisema.

"Niko kazini."

Meneja Rweyongeza alikuwa dirishani. Aliwasogelea. Alikuwa mtu mrefu, mpole kwa kawaida, na asubuhi ile shati lake lilikuwa limelowa kwapani.

"Zabloni ameniambia habari za huo uzi," alisema. "Nisaidie kuelewa. Tukiukata uzi hapa, chini ya koo la themanini, koo hili litaacha kuwasaidia wa chini?"

"Ndiyo."

"Na wodi itapata maji?"

"Ndani ya dakika kumi."

"Basi ukate, Mhandisi. Kwa nini tunazungumza?"

"Kwa sababu la thelathini na mbili litabaki na mzigo. Likiachia, kuna familia mia na tisini chini yake. Leo asubuhi ilikuwa kilo kumi na moja, ikamvunja bibi mkono. Hizo zitakuwa kumi na sita, baadaye zaidi. Kutakuwa na watoto bafuni, na watu wamekaa chooni. Siwezi kukuambia itampata nani."

"Hapa naweza kukuambia itampata nani," Rweyongeza alisema. Akaonyesha vitanda kwa mkono. "Naweza kukutajia majina."

Sechelela aliweka sanduku lake sakafuni. Alisimama katikati ya wodi. Kukata uzi kungechukua nusu dakika. Mkasi ulikuwa ndani ya sanduku. Ndugu yake angepata maji, na hao wa chini wangepata saa sita, labda nane, na pengine ndani ya saa hizo angepata la kufanya. Pengine. Alijua jinsi neno hilo linavyomvuta mtu.

"Dada," Yona alisema. "Sogea."

Alisogea.

"Usikate kwa ajili yangu. Ukikata, iwe kwa hesabu zako. Mimi sitaki kunywa maji huku nikisikiliza kama kuna mtu anapiga kelele huko chini."

"Nyamaza kwanza, Yona."

"Nanyamaza. Nimeshasema."

Sista Gaudensia alikuwa akipangusa maji yaliyodondoka chini ya mashine iliyozimika. Bila kuinua macho aliisukuma mashine pembeni kwa nyonga, kama mtu anavyosukuma kiti, nayo ikateleza mpaka ukutani.

Sechelela alitazama chini. Ilikuwa na magurudumu manne.

"Sista, hizi zote zina magurudumu?"

"Zote. Na kichujio kikubwa kina yake, ila ni kizito."

"Zinataka nini? Umeme, maji, bomba la kumwagia. Nini kingine?"

"Pahali safi. Na mimi."

Sechelela alimgeukia meneja. "Ghorofa ya chini haitumii tenki la paani. Inakunywa moja kwa moja kutoka bomba la barabarani. Pale hakuna koo hata moja."

4

Walibishana ndani ya lifti kuanzia sabini na tisa mpaka chini, na wakaendelea ofisini kwa meneja.

Alichotaka Sechelela kilikuwa hiki: wodi ihamie chini kabla ya saa saba. Koki ya paani ifungwe, bomba kuu likaushwe, mnara wote ukae bila maji ya bomba mpaka matenki mawili ya katikati yajengwe na koki za chuma zipachikwe. Watu wachote maji chini kwa ndoo na kupanda nayo kwa lifti.

"Kwa siku ngapi?" Rweyongeza aliuliza.

"Wiki tatu. Labda nne."

"Watu elfu tano. Wiki nne. Ndoo." Aliketi. "Mhandisi, wodi nakubali tuihamishe. Lakini kukausha mnara sina mamlaka hayo, na wewe huna. Wenye jengo wako ng'ambo, watakutana Jumatatu. Kata uzi leo, tuhamishe wodi, Jumatatu tuzungumze."

"Tukishahamisha wodi, kuukata uzi ni kwa ajili ya nini?"

"Kuna ghorofa kumi na tano nyingine zinakosa maji pamoja na wodi. Wananipigia simu tangu alfajiri. Na kuna majengo mengine kumi na saba yenye makoo yako. Ukifunga hapa na kutangaza kwa nini, unayafunga yote. Umelifikiria hilo? Una uhakika koo la thelathini na mbili litakufa?"

"Miaka kumi na tisa iliyopita nilikuwa na uhakika," Sechelela alisema. "Nikaweka sahihi. Leo ninachojua ni kwamba niliona moja limekufa limeachama."

Alivuta karatasi kutoka kwenye mashine ya kuchapia, akaiweka mbele yake, akaweka kalamu juu yake.

"Niandikie amri. Andika: Mhandisi Ndahani akate uzi. Weka saa, weka jina lako. Nitakwenda kuukata sasa hivi na sitakulaumu."

Rweyongeza aliishika kalamu. Aliitazama karatasi kwa muda mrefu, na Sechelela akaona midomo yake ikisogea, kama anajaribu jinsi maneno yatakavyosomeka. Nje ya mlango walipita wajukuu wa Bibi Nyemo, wanampeleka bibi yao kwenye gari, naye alikuwa akiwaambia wasimkokote, ana miguu.

Meneja aliweka kalamu chini.

"Ofisi hii," alisema, "inaingia mashine ngapi?"

"Nne. Ukitoa meza, sita."

Akasimama na kushika ncha moja ya meza. "Shika huko."

5

Koki ya paani haifungwi kwa pupa. Maji marefu namna ile yakisimamishwa ghafla hurudi yenyewe kwa pigo, na pigo moja lingetosha kulimaliza koo la thelathini na mbili. Zabloni alipanda paani na redio. Sechelela alibaki ghorofa ya thelathini na mbili, kwenye chumba cha koo, geji mbele yake.

"Robo mzunguko," alisema kwenye redio. "Halafu subiri dakika tatu."

"Robo," Zabloni alijibu. "Nasubiri."

Chini, Rweyongeza na walinzi walikuwa wakiteremsha mashine kwa lifti ya mizigo, moja moja, Sista Gaudensia akiwa juu ya kila moja kama mama mwenye mtoto mchanga. Saa sita na dakika kumi ya kwanza iliwashwa ofisini. Saa sita na nusu mbili nyingine. Redio ilikuwa ikimletea Sechelela habari hizo vipande vipande, katikati ya robo moja na nyingine.

Koki ilipofikia nusu, koo lilibadilika.

Aliliona kwenye kioo kabla geji haijasema. Rangi ya waridi ilikimbia kutoka ukingoni kuelekea katikati, ikafuatwa na kijivu. Pete ilitetemeka mara moja, ikabana kwa nguvu zote, mpaka ikawa nyembamba kama tundu la sindano, na Sechelela akajikuta anaiambia kwa sauti, "Basi. Basi, inatosha." Kisha ikaanza kuachama.

"Zabloni, linakufa."

"Nifunge yote?"

"La! Usiguse kitu. Robo yako ikiisha subiri kama kawaida."

Geji ya upande wa chini ilianza kupanda. Sita. Saba. Bomba kuu lote la juu lilikuwa bado limejaa maji, na sasa hakukuwa na mlango. Maji yale yalihitaji pa kwenda kabla hayajateremka kwenye nyumba za watu.

Ukumbini, hatua kumi kutoka pale, kulikuwa na mpira wa zimamoto, umeviringishwa kwenye sanduku jekundu, umeunganishwa na bomba kuu lilelile. Sechelela aliuvuta mpaka kwenye dirisha la ngazi, akavunja kioo kwa spana, akatupa mdomo wa mpira nje na kuufunga kwenye nondo za dirisha kwa mkanda wa suruali yake. Akamwita mlinzi wa getini kwa redio.

"Ondoa watu upande wa mashariki. Wote. Ukimaliza niambie."

"Kuna wauza matunda, mama."

"Wauza matunda ndio wa kwanza."

Tisa. Kumi. Alisubiri huku mkono uko kwenye koki ya mpira. Hakuna dakika ndefu aliyowahi kuisubiri kama ile. Kumi na mbili.

"Peupe!" mlinzi alipiga kelele.

Akafungua. Mpira ulijaa, ukajinyoosha kama kitu kilichozinduka, ukapiga ukuta, na nusu ya maji ya kwanza yakarudi ndani. Yalimwangusha chini, yakapita juu yake, yakaingia chini ya milango ya nyumba za ghorofa ile. Alijiinua, akaulalia mpira kwa kifua na kuubana kwenye ukingo wa dirisha. Sasa yalikwenda nje. Yalitoka mbali na ukuta kwa upinde mrefu, yakavunjikavunjika hewani, na mita mia moja chini, kwenye barabara ambayo haikuwa imeona mvua tangu mwezi wa nne, yakanyesha.

"Robo," Zabloni alisema.

"Endelea."

"Robo nyingine. Imebaki moja."

"Geji inasemaje hapo juu?"

"Inashuka, Mhandisi."

Mlango wa nyumba ya karibu ulifunguka akatoka mwanamume wa makamo, suruali imelowa mpaka magotini, mkononi ana rundo la madaftari ya wanafunzi yanayochuruzika maji. Alikuwa Mwalimu Mlugu. Aliangalia madaftari, akamwangalia Sechelela, akaona mpira unavyompiga kifuani. Aliweka madaftari chini na kuja kuulalia mpira pamoja naye. Walikaa hivyo dakika arobaini, mpaka maji yakapungua, yakawa uzi, yakakoma.

Geji ilisoma sifuri. Ndani ya kioo koo lilikuwa limeachama kabisa.

6

Jioni wakazi walikusanyika kwenye ghorofa ya magari, kwa kuwa hakukuwa na ukumbi mwingine wa kuwatosha. Wengi walikuja na ndoo na madumu. Bibi Nyemo alirudi kutoka hospitali na plasta mpaka kwenye kiwiko, akapewa kiti mbele. Jua lilikuwa bado halijazama. Lilipenya baina ya nguzo, la rangi ya chungwa.

Sechelela alisimama juu ya kreti ya soda, nguo zake hazijakauka. Aliwaeleza kila kitu tangu mwanzo. Aliwaambia habari za koo la kumi na sita, na la thelathini na mbili, na jinsi yalivyobebana miezi minne bila mtu kujua. Kisha akamgeukia Bibi Nyemo.

"Mama, asubuhi uliniuliza kwa nini. Jibu ni hili. Niliandika kwamba koo likifa hufa limefumba. Haikuwa kweli, na kwa sababu ya sentensi hiyo mnara wenu haukuwekewa matenki."

Kelele zilizuka. Mwanamume mmoja wa ghorofa ya tisini alisema kwa sauti kwamba yeye ana mtoto wa miezi miwili huko juu, sasa atafua nepi kwa maji gani, na mhandisi huyu akamatwe. Wengine walimuunga mkono. Sechelela hakushuka kwenye kreti. Alingoja.

Bibi Nyemo aliinua mkono wenye plasta mpaka watu wakanyamaza.

"Ulipoandika," alisema, "ulikuwa umeona lililokufa?"

"Niliyaua mwenyewe maabara, mama. Kwa baridi, kwa sumu. Zaidi ya mia tatu. Yote yalikufa yamefumba. Sikuwahi kuona lililokufa kwa kuchoka. Sikungoja muda wa kutosha."

"Ungengoja muda gani?"

"Miaka kumi na tisa."

Bibi alitikisa kichwa taratibu. Haikuwa wazi kama amesamehe au amekataa, na Sechelela hakudhani ana haki ya kuuliza.

"Mkono utapona," Bibi Nyemo alisema. "Hayo matenki yatakaa wapi?"

"Ghorofa ya thelathini na mbili na ya sitini na nne. Panahitajika nyumba nne kila ghorofa. Wenye nyumba hizo itabidi wahame. Meneja amekubali kuwatafutia nafasi humuhumu, lakini hazitakuwa nzuri kama walizonazo. Simlazimishi mtu leo. Nauliza tu."

Watu walitazama ndoo zao. Mwishowe Mwalimu Mlugu alikohoa kutoka nyuma.

"Yangu mmeshaanza kuijaza," alisema.

Watu wakacheka, kicheko kifupi cha watu waliochoka, hata yule wa ghorofa ya tisini. Mwanamke mmoja wa sitini na nne alisema naye atafikiria, wasimwandike bado. Wengine hawakusema lolote. Ilipatikana nyumba moja kati ya nane. Rweyongeza aliiandika nyuma ya karatasi ileile aliyopewa asubuhi, maana hakuwa na nyingine mfukoni, kisha akaanza kupanga foleni ya lifti: wazee kwanza, wenye watoto wachanga wafuate, lita ishirini kwa kila mtu.

Sechelela alipita ofisini kwa meneja. Mashine sita zilikuwa zikiunguruma mahali palipokuwa na meza. Yona alikuwa wa mwisho wa zamu, amefumba macho, damu yake inazunguka ndani ya mipira myembamba.

"Umemaliza?" aliuliza bila kufumbua.

"Bado."

Aliketi sakafuni kando ya kitanda, mgongo ukutani, akatoa simu. Alikuwa na orodha ya majengo kumi na saba. Hakusubiri Jumatatu ya wenye jengo, wala hakuandika barua. Barua husomwa na mtu asiyeshika koki. La kwanza kwenye orodha lilikuwa jengo la Kagunga, kule Mwanza, ghorofa sabini na nne, lililojengwa mwaka mmoja tu baada ya Lukundo. Mhandisi wake aliitwa Bulugu. Waliwahi kuonana mara moja, kwenye mafunzo, yeye Sechelela akiwa mwalimu.

"Mhandisi Ndahani!" Bulugu alisema kwa furaha. "Za siku nyingi? Habari za Dodoma?"

"Si nzuri, kaka. Nisikilize. Makoo yangu yanakufa wazi. Mawili yamekufa hapa leo. Yenu yana karibu umri uleule."

Hakusikia kitu kwa muda, mpaka akadhani simu imekatika.

"Bulugu?"

"Nipo." Furaha ilikuwa imetoka. "Mhandisi, hapa watu wa juu wanalalamika maji kidogo tangu mwezi wa pili. Tumebadilisha vichujio mara tatu."

Sechelela alifumba macho, akayafumbua.

"Koki yenu ya paani iko wapi?"

"Juu kabisa. Lifti inaishia sabini, halafu ni ngazi."

"Basi anza kupanda. Usikate simu. Nitakuwa nawe mpaka mwisho."

Alisikia kiti kikisukumwa nyuma, mlango ukifunguliwa, na Bulugu akimwita mtu amletee spana kubwa.